Simu Mpya ya Garam

Jumamosi, 7 Oktoba

Simu ya Garam imekufa. Haikufa ghafla, ilivimba. Betri imefura mpaka kioo kimeachana na mwili, upande mmoja umeinuka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Sikutaka hata kuigusa. Baba Garam yuko nyumbani, amepata likizo fupi kutoka kazini kwake Geoje, wanakounda meli, basi akaibeba kwa kitambaa, akaiweka ndani ya chungu kitupu nje ya mlango. Akacheka. Eti familia nzima inakimbia kasimu! Mimi sikucheka.

Tukaenda dukani wote watatu. Garam kachagua nyeusi, nyembamba, kioo mbele na kioo nyuma. Haina hata tundu la kuchomeka waya wa masikioni. Nikauliza, ikianguka je? Kijana muuzaji akasema kioo hiki ni kigumu, mama, ondoa wasiwasi. Sijawahi kukutana na muuzaji asiyekuwa na sentensi hiyo.

Swali langu lilikuwa moja tu: programu ya sukari itakubali? — Itakubali, simu kubwa hii, inakubali kila kitu.

Jioni tulikaa mezani tukiruhusu. Ruhusu hiki, ruhusu kile, ruhusu daima, ruhusu hata ukiwa hutumii. Kile kidude cha duara kilichobandikwa nyuma ya mkono wa Garam hakijali ni simu gani. Chenyewe kinapima tu. Simu yake ndiyo inayopokea namba, na ndiyo inayonitumia mimi. Miaka minne sasa, tangu alipolazwa kwa kisukari akiwa na minane, kwanza kwa kutoboa kidole na sasa kwa kidude, nimeishi na namba hizo zaidi kuliko ninavyoishi na mume wangu.

Hatimaye ikatokea kwenye kioo changu: 112, mshale umelala, yaani sukari imetulia. Ndipo nikapumua.


Jumatatu, 9 Oktoba

Sikukuu. Saluni nimefunga. Baba Garam kaondoka na basi la mchana. Garam hana habari na yeyote, yuko na simu yake, anaifuta kioo kwa pindo la shati kila baada ya dakika.

Ana furaha. Miezi mingi sikuuona uso huo.


Alhamisi, 12 Oktoba

Leo nimefanya kituko. Nakiandika kabla sijaanza kujidanganya kwamba hakikuwa kituko.

Alfajiri simu ya Garam ilijisasisha yenyewe. Tulipoamka ilikuwa inazungusha kaduara na kutuomba tusubiri. Ikawaka. Maandishi yamenenepa, vipicha vyote vimekuwa na kona za mviringo. Garam akasema imependeza. Akala, akajidunga insulini yake, akaenda shule.

Katikati ya asubuhi nilikuwa namfunga Bibi Bok vibiringisho vya nywele. Nikatupia jicho simu yangu. Hakuna namba. Kistari tu, na chini yake: hakuna taarifa. Nikasema itarudi. Nikafunga kibiringisho kingine. Kistari. Nikampigia Garam. Yuko darasani, sauti kazima, najua. Nikapiga chumba cha muuguzi wa shule. Inaita tu, inaita tu.

Nikamwambia Bibi Bok narudi sasa hivi. Alikuwa na dawa kichwani, maskini! Sauti yake ilinifuata mpaka barabarani: "Mama Garam! Nywele zangu, wewe!"

Nilikimbia na aproni yangu, glovu za mpira mikononi. Nikafungua mlango wa darasa bila kubisha. Vichwa vyote vikageuka. Garam alikuwa amesimama ubaoni anakokotoa sehemu. Mzima kabisa. Akanitazama usoni, akatazama glovu.

Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Garam, mama yako kaja kukuosha nywele."

Darasa zima likaangua kicheko. Hata mwalimu, ilibidi akohoe.

Mwalimu Seol, yule muuguzi, alimpima kidoleni: 130. Hakuna chochote. Kumbe nilipopiga alikuwa uwanjani anamfunga bandeji mtoto wa darasa la pili.

Kwenye kundi letu la wazazi kwenye simu, mama mmoja wa Incheon alinijibu mara moja: ni hiyo apdeti mpya, dada, inazilaza programu zote ili kuokoa betri. Ingia kwenye mipangilio ya betri, itoe programu ya sukari isilazwe. Ukikosea, namba zinakatika. Nilimsomea Garam maelezo nyumbani, akafanya mwenyewe, vidole vinaruka. Hakuniangalia hata mara moja.

Yaani mtu fulani amekaa mahali fulani, akaamua betri ya mwanangu ni muhimu kuliko namba yake. Simjui. Natamani nimfunge vibiringisho nimwache na dawa.

Bibi Bok ameungua kidogo kisogoni. Nikaomba radhi mpaka kichwa kikakaribia magoti. Akasema basi, yameisha, kofia si zipo.


Jumapili, 15 Oktoba

Safari ya shule. Darasa la sita lote linakwenda mji wa Gyeongju, Jumatano ya tarehe ishirini na tano, watarudi Ijumaa. Karatasi ya ruhusa iko juu ya friji tangu mwezi uliopita, najifanya siioni.

Leo nimesema. Nikasema nitafunga saluni, nitalifuata basi lao kwa gari, nitapanga chumba jirani na hoteli yao. Hawataniona hata kidogo.

Garam aliweka vijiti vyake mezani. "Mama wa nani mwingine anakuja?"

"Watoto wengine hawana—"

"Mama wa nani mwingine?"

Nikasema kama hataki njia hiyo, asiende. Akaingia chumbani. Mlango haukubamizwa. Heri angeubamiza.

Baba Garam kwenye simu akaniita kwa jina langu: mwache mtoto aende, Gyeongsuk. Rahisi kusema ukiwa Geoje! Hakuwepo siku ile. Nilikuwepo mimi. Miaka miwili iliyopita, nje ya duka la madaftari, Garam kakaa chini ukingoni mwa barabara, sukari imeshuka, mdomo mweupe, anachekacheka peke yake kama mlevi, na rafiki yake Danbi anadhani ni mchezo, naye anacheka. Nilimpaka asali kwenye fizi kwa kidole. Jino lake lilinikata. Wakati huo hatukuwa na kidude, hatukuwa na mshale, hatukuwa na kitu.

Tumekubaliana hivi: ataenda, mradi namba zake nizione muda wote. Zikikatika hata mara moja kabla ya safari, haendi.

Akasema sawa. Haraka mno.


Jumanne, 17 Oktoba

Zimekatika. Alasiri, akiwa masomo ya ziada. Kistari karibu saa nzima. Halafu zikarudi zenyewe, 148, kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilipomuuliza alisema hajui, simu tu hiyo. Nikasema tumekubaliana nini? Akasema, "Kwa hiyo simu ikiharibika naadhibiwa mimi?"

Kweli. Si haki. Nikaliacha lipite.


Alhamisi, 19 Oktoba

Tena! Alasiri ile ile. Nimeipigia kampuni ya simu. Binti mwenye sauti tamu: tunasikitika kwa usumbufu mheshimiwa mteja, je umejaribu kuizima na kuiwasha? Nikamwambia mwanangu ndiye anayezimika, si simu. Akarudia: tunasikitika kwa usumbufu mheshimiwa mteja.

Waliotengeneza programu ya sukari wanasema tatizo ni simu. Wa simu wanasema tatizo ni programu. Nimeandika kwenye kundi kwa hasira, wazazi wengi wameniunga mkono. Mama wa Incheon lakini anashangaa: kwake tangu airekebishe haijakatika hata mara moja.

Jumamosi tunakwenda kituo cha huduma. Garam anasema ana kazi ya kikundi na Danbi. Nikasema kazi itasubiri.


Jumamosi, 21 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Kituo kilijaa. Tukachukua tiketi, tukakaa. Garam kavaa kofia ya koti mpaka machoni. Namba yetu ilipoitwa nilikuwa nimeshajipanga: nikamweleza fundi yote, tarehe, alasiri gani, maneno ya yule binti wa sauti tamu. Kijana mpole, miwani, jina lake kwenye beji limefutika nusu. Nilimpandishia sauti. Nilimuuliza kama ana mtoto. Nikamuuliza kama anajua mtoto aliyeshuka sukari anafananaje. Watu walikuwa wanatazama. Yeye aliinamisha kichwa tu, ndiyo mheshimiwa mteja, samahani mheshimiwa mteja, kana kwamba ameitengeneza simu hiyo kwa mikono yake.

Akaipima. Betri nzuri. Vyote vinafanya kazi. Kisha akasema, kama mama hana imani nayo, dawa ni moja: aifute yote, airudishe kama ilivyotoka kiwandani, tuanze upya. Nikasema futa.

Akanyoosha kidole.

"Usifute," Garam akasema.

Nikamwambia picha utapiga nyingine.

"Usifute. Kaka, simu haina kosa. Ni mimi. Nilizima mwenyewe."

Kijana yule aliangalia kioo, akaniangalia mimi, akaangalia tena kioo. Akaisogeza simu polepole mpaka upande wetu wa meza. Akasema kwa sauti ndogo kwamba anakwenda kumwita mteja mwingine, tuchukue muda wetu.

Nilimwomba radhi? Sikumbuki. Nafikiri sikumwomba.

Tulikaa ndani ya gari, injini haijawashwa. Nikauliza tangu lini. Tangu Jumanne. Umejifunzia wapi? Akasema, "Si wewe ulinisomea? Itoe isilazwe. Nikajua basi kuna mahali pa kuizimia. Nikatafuta, nikapata kitufe chenyewe, cha kukutumia wewe namba."

Ulikuwa unafanya nini?

"Tulikuwa tunakula tteokbokki. Mimi na Danbi na wengine. Nimekaa tu nakula kama watu."

Vitonge vya mchele kwenye mchuzi wa pilipili, na ule mchuzi ni sukari tupu! Nilitaka kusema hivyo. Nafikiri nilisema.

"Najua ina sukari! Nilijidunga kabla. Namba nilikuwa naziona, Mama. Kwangu haikuzimwa. Ni wewe tu niliyekuzima."

Hilo liliniingia. Akaendelea, analia sasa, anaongea na dirisha:

"Nikila unapiga. Nikikimbia unapiga. Nikigombana na Danbi sukari inapanda, unapiga, kuna nini Garam, mbona imepanda. Unajua nimekasirika kabla mimi mwenyewe sijajua. Sina hata hasira yangu."

Ningekuwa mama mzuri ningemshika. Niliwasha gari. Nikasema safari hakuna.

Akasema, "Najua."

Hakuomba. Hakubisha. Alikuwa anajua matokeo tangu alipofungua mdomo pale kwenye meza ya fundi, na alifungua.


Jumapili, 22 Oktoba

Hatusemezani. Wali, supu, kila mtu chumbani kwake. Namba yake 121, mshale umelala. Niko chumba cha pili na namuona vizuri kuliko mtu aliyekaa naye.

Baba Garam kapiga. Nilidhani atamkemea. Akauliza, "Kwa nini alisema?"

Nikauliza kwa nini alisema nini.

"Angenyamaza, simu ingefutwa, ingeanza upya, angekwenda Gyeongju. Kwa nini alisema?"

Nikasema labda kwa ajili ya picha zake.

Akasema, "Unaamini hivyo?"

Siamini. Niliona macho yake. Alikuwa anamtazama yule kijana akiinamishwa kichwa na mimi.


Jumatatu, 23 Oktoba

Mwalimu Seol alikuja saluni kukata nywele. Ana mtu wake wa siku zote upande wa stesheni, kwa hiyo nilijua hakuja kwa nywele. Nikamfunga shuka, tukaongea kwa kutumia kioo. Rahisi zaidi hivyo.

Garam alikuwa ameshamwambia kila kitu. Yeye, si mimi. Akaniambia yeye mwenyewe yumo kwenye safari, basi moja na Garam, hoteli moja. Akaniambia kuna mtoto mpya darasa la kwanza ana kisukari, alikuwa analia kila mchana kwa ajili ya sindano, na Garam huenda kila mchana kumshika mkono. Sikulijua hilo. Halina namba.

Nikamuuliza, Mwalimu, unaniahidi hakuna kitakachotokea?

Alinitazama kwenye kioo mpaka nikamaliza upande wa kushoto.

"Siwezi kukuahidi, Mama Garam. Sukari yake itashuka. Ataruka, atakimbia, atasahau kula, itashuka. Swali ni kama unataka ajifunze nikiwa pembeni yake, au ajifunze baadaye pasipo na mtu."

Nilimkata fupi kuliko alivyotaka. Alisema imependeza.

Jioni nikaibandua karatasi kwenye friji, nikaisaini, nikaiweka juu ya begi la Garam. Nikasema sharti: usinizime. Mimi nitaziona, lakini sitakupigia. Hata itokee nini nitampigia Mwalimu Seol tu, na yeye pia ni pale tu itakaposhuka chini ya hamsini.

"Hamsini na tano ikiwa na mshale wa chini, hutapiga?"

"Sitapiga."

"Huwezi."

"Nasema sitapiga!"

Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Mama, sasa hivi namba yako ingekuwa mia tatu."

Nimepita kituo cha huduma kabla hawajafunga. Yule kijana hakuwepo, zamu yake imeisha. Nimemwachia kopo la kahawa na samahani yangu kwa mwenzake. Hata sijui kama itamfikia.


Jumatano, 25 Oktoba

Wameondoka. Baridi, ukungu umetoka mtoni umefunika uwanja mzima wa shule. Wazazi wengine walipunga mkono wakarudi kazini. Nilimpa begi la akiba: juisi, vidonge vya sukari, kidude kingine, sindano. Akasema, "Mama, nilishavipanga jana." Akafungua begi lake nione. Vyote vilikuwemo. Vilipangwa vizuri kuliko vyangu.

Akapanda, hakugeuka. Danbi ndiye aliyenipungia.

Siku nzima: 134. 160. 142. 98. Saa ya chakula cha jioni ikapanda mpaka 210, mshale juu, nikashika simu, nikaiachia. Nikashika tena. Nikaenda kufua taulo ambazo ni safi. Ikarudi yenyewe. Yaani alijidunga. Yeye.


Alhamisi, 26 Oktoba

Saluni iko tupu, saa ya chakula cha mchana, nimegeuza kibao cha mlangoni. Naandika sasa hivi, si jioni. Naandika ili mikono ipate kazi.

Wako juu mlimani, hekaluni. Ratiba inasema watapanda kwa miguu. Asubuhi alikuwa 118. Halafu 96. Halafu 81, mshale unainama. Nikasema anatembea, kawaida. Kisha 70, mshale umesimama wima chini, na simu yangu ikaanza kulia mlio wa sukari kushuka. Mlio ule! Hata kwenye ndoto ninaujua.

64.

Yake pia inalia sasa. Lazima inalia. Isipokuwa iko ndani ya begi na begi limebaki ndani ya basi. Isipokuwa usiku wa jana imejisasisha tena. Isipokuwa yuko nyuma ya wenzake na wenzake wanadhani ni mchezo.

Nimefungua jina lake. Kidole juu ya kitufe cha kijani. Nimekitoa. Nimekirudisha.

59.

Ujumbe! Kutoka kwake. Maneno matatu: "Nakunywa juisi. Usipige."

Nakunywa juisi. Nimeusoma mpaka herufi zimepoteza maana. Ameandika mwenyewe, hakuna herufi iliyokosewa, mtoto aliyelewa kwa sukari kushuka haandiki hivi. Au Danbi kamwandikia? Hapana. Danbi angeongeza vikatuni.

57. Mshale bado wima chini.

Daktari alishaniambia, kidude kiko nyuma ya damu, kinachelewa. Juisi iliyoko tumboni sasa hivi kidude kitaiona baadaye. Kwa hiyo namba hii ni ya Garam aliyepita. Ujumbe ni wa Garam wa sasa. Najua hivyo. Kichwa kinajua. Mikono haijui.

Nimeandika "Kunywa na ya pili" — nimefuta. Nimeandika "Kaa chini" — nimefuta. Nimeandika "Nimeona." Nimeutuma huo. Basi.

Hajajibu.

Mtu anagonga mlango wa kioo, ni Bibi Bok, na kofia yake, anaonyesha nywele. Nimemwonyesha kiganja: subiri. Amesimama anachungulia, anauliza kwa ishara, kuna nini? Sijui nimjibu nini.

55.

Namba ya Mwalimu Seol ipo tayari kwenye kioo. Nilisema hamsini. Mimi ndiye niliyesema hamsini.

Nimeuzima mlio. Kimya sana humu ndani, nasikia jagi la umeme likipoa. Simu iko mezani, uso juu, mbele ya kioo kikubwa, kwa hiyo ziko mbili. Namba mpya inakuja kila baada ya dakika tano. Kaduara kanazunguka sasa.

Sijapiga.